Moto wa Chini ya Kitetemo

Asubuhi ile niliyouona moshi ukitoka ardhini, mahali ambapo hapakuwa na moto, naikumbuka kuliko asubuhi nyingine zote nilizojaaliwa kuamka. Sogea karibu, mwanangu, nikusimulie. Nimesikia habari ya mtaro mnaouchimba ninyi vijana kule bondeni, na tangu niliposikia moyo wangu haujatulia. Sikukuita nikugombeze. Nimekuita kwa sababu naogopa, na mtu mzima akiogopa ni vizuri akiseme anachokiogopa, asije akazikwa nacho.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, ndoa yangu haijafikisha mwaka wa tatu. Mie kwetu ni Umwe. Niliolewa huku upande wa Mkongo na Shabani, mtu mpole, hodari wa jembe, asiyejua kubishana na mke wala na mama yake. Tulikuwa na mtoto mmoja mgongoni na shamba la mpunga karibu na mto. Mwaka mmoja mto ulikuja kwa nguvu ukauzoa mpunga wote ukiwa umeanza kuchanua. Mwaka uliofuata maji hayakuja kabisa. Ardhi ikapasuka, na hata mahindi ya mlau, yale tunayopanda kwenye unyevu mafuriko yakishapungua, hatukuyaona. Tuliishi kwa ming'oko, viazi vya mwitu, tunaichimba porini kutwa nzima na kuichemsha jioni. Mtoto wangu alikuwa akilia njaa kwa sauti ndogo, na ile sauti ndogo ndiyo iliyonitisha, maana mtoto mwenye nguvu hulia kwa kelele.

Nyuma ya kijiji palikuwa na msitu wa kinamasi. Wenyeji waliuita Kitetemo kwa sababu ardhi yake ilitetema kweli. Ukikanyaga hapa, kichaka kilichoko hatua kumi mbele yako kinatikisika. Humo mlikuwa na mizambarau pori, mikuyu, na mikindu mingi sana, na maji yake yalikuwa na rangi ya chai kavu. Majani yalidondoka mwaka mzima, yakazama katika maji hayo na kulala juu ya mengine yaliyotangulia. Udongo wake ulikuwa mweusi tii, mwepesi mkononi kama sufi iliyolowa. Uliweza kuchomeka mwanzi mrefu, ukausukuma mpaka ukazama wote, usiguse kitu kigumu. Sisi wanawake tuliingia pembezoni kukata ukindu wa kusukia mikeka. Ndani sana hakuna aliyekwenda.

Mie niliutazama udongo ule mweusi nikaona mpunga. Nikamwambia Shabani, tukichimba mtaro kutoka Kitetemo hadi kwenye kijito, maji yatatoka, tutafyeka, tutalima, hatutahangaika tena na mto. Shabani akasema tumuulize mama.

Mama yake aliitwa Bi Mwanaidi, fundi wa mikeka, mwanamke mwembamba aliyesema maneno machache na kila neno kalipima. Tulimkuta barazani kwake.

"Somoe, mwanangu," aliniambia, na vidole vyake haviachi kusuka, "udongo wa Kitetemo ni majani matupu. Majani ya tangu enzi ya babu yake babu yangu. Hayajaoza yakaisha kwa sababu maji yameyafunika. Ukiyaondolea maji, unadhani utabaki na nini?"

"Nitabaki na shamba, mama."

"Utabaki na kuni," akasema.

Nilicheka. Naona aibu kukuambia hivyo, lakini nilicheka, tena mbele yake. Nilidhani ni maneno ya mtu anayeogopa kupoteza ukindu wake. Tope lililolowa vile, ambalo hata ukilikamua linatoa maji, litawakaje?

Tulichimba mtaro mie na Shabani kwa wiki tano. Maji yalianza kutoka taratibu, meusi, yakielekea kwenye kijito, na kila asubuhi nilipima kwa fimbo nikaona yamepungua. Wiki ya sita ardhi ilikuwa haitetemi tena. Ilikauka juu ikawa ngumu, ikapasuka vipande, na kutoka kwenye nyufa ilitoka harufu ya kitu kilichofunikwa kwa muda mrefu kisha kikafunuliwa. Tukafyeka. Mikindu tuliikata, mizambarau midogo tukaikata, mikubwa tukaiacha kwanza.

Katikati ya kazi hiyo ikaja habari kwamba binti mkubwa wa Bi Mwanaidi, aliyeolewa Kibiti, amejifungua kwa shida. Bi Mwanaidi akafunga nguo zake aende kumuuguza. Alipopita kwetu kuaga alisimama ukingoni mwa mtaro akatazama ile ardhi kavu. Hakusema kwamba tumekosea. Alisema tu, "Kukata mmeshakata. Moto msitie mpaka nirudi." Shabani akasema sawa, mama. Na mie nikasema sawa, mama.

Siku ya nane tangu aondoke, Shabani alikwenda kijiji cha pili kumsaidia rafiki yake kuezeka nyumba. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa bahari. Nikajiambia mvua ikianguka juu ya matawi haya yasiyochomwa, msimu umetupita, na sauti ndogo ya mtoto wangu ilikuwa masikioni mwangu. Nilichukua kijinga cha moto jikoni, nikatembea nacho mpaka Kitetemo, nikakitumbukiza kwenye rundo la makuti ya mikindu. Mkono uliowasha ni huu unaouona. Usije ukamsikia mtu anasema ni Shabani.

Moto ulikwenda vizuri, na alasiri ulikuwa umekwisha. Pakabaki majivu meupe na visiki vinavyofuka. Shabani aliporudi alisimama akatazama. "Mama alisema tusubiri," akasema.

"Mvua haitamsubiri mama," nikamjibu.

Yakaishia hapo, au ndivyo nilivyodhani.

Asubuhi ya nne nilikwenda peke yangu kukusanya visiki. Jua lilikuwa limeshatoka. Nikaona uzi wa moshi mwembamba, wa rangi ya buluu iliyopauka, unapanda kutoka kwenye ufa wa ardhi mahali pasipo na kisiki wala tawi, udongo mtupu. Nikainama. Harufu yake haikuwa ya kuni, ilikuwa nzito na chungu, ikanishika kooni. Nikachota ndoo ya maji kijitoni nikaimwaga. Ardhi ikachemka, mvuke ukanirukia usoni. Nikamwaga ya pili, na ya tatu. Moshi ukakatika. Nikashukuru Mungu kwa sauti, nikageuka niende zangu, na pale pale nikauona unatoka hatua sita nyuma yangu, kwenye mizizi ya mzambarau ambao hata moto wetu haukuufikia.

Hapo ndipo nyayo zangu ziliponiambia. Nilikuwa pekupeku, na joto lililokuwa kwenye nyayo lilitoka chini.

Mwanangu, moto unaouona una mwisho wake, unajua umefika wapi na usimame wapi. Ule sikuuona. Ulikuwa chini yangu, unakula kwa utulivu, hauna mwale wala sauti. Sikujua umekwenda kushoto au kulia, sikujua una kina gani, na sikujua kama kati yangu na njia ya nyumbani palikuwa na ardhi au palikuwa na gamba tu. Nilirudi nikinyata, kila hatua najaribu kwanza kwa mpini wa jembe.

Sasa ungetegemea nikuambie kwamba nilikimbia kijijini nikapiga kelele. Sikupiga. Nilifukia ule ufa kwa udongo, nikanawa uso, nikaenda kupika. Nilijiambia utazimika wenyewe. Nilijiambia Shabani akijua atamwambia mama, na mama atasema nilikuambia, na kijiji kizima kitasema yule wa kutoka Umwe ndiye aliyeichoma Kitetemo. Niliogopa moto, lakini niliwaogopa watu zaidi.

Siku ya pili yake niliona mkuyu mkubwa unaanguka. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Mti uliinama taratibu, ukalala. Niliposogea niliona hauna mizizi. Chini ya shina palikuwa na shimo, na ndani ya shimo udongo ulikuwa mwekundu wa makaa. Panya walikuwa wanatoka msituni mchana kweupe, wanapita karibu na miguu yangu bila kunijali, na kenge wawili wakubwa walivuka mtaro wakielekea mashambani. Viumbe wote walikuwa wanajua. Shabani alirudi kutoka kukata nguzo akaniuliza, "Mbona harufu ya moshi haiishi?"

"Visiki vinamalizikia," nikamwambia. Akaniamini, maana hakuwa na sababu ya kutoniamini.

Siku ya tatu ndiyo ya Zena.

Zena alikuwa mdogo wake Shabani, wifi yangu, msichana wa miaka kumi na saba, amechumbiwa na harusi yake ilikuwa baada ya mavuno. Alikuwa anasuka mikeka yake mwenyewe ya kuingia nayo nyumbani kwa mume, na ukindu ulikuwa umemwishia. Upande wa mbali wa Kitetemo, ambako mie na Shabani hatukufyeka, mikindu ilikuwa bado imesimama.

Nilikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunachokaa kulinda shamba. Nikamwona anakuja na kisu chake na kamba mabegani, anashika njia ya zamani ya wanawake, ile inayopita ukingoni mwa msitu. Mdomo nilikuwa nao, na sauti nilikuwa nayo. Lakini nilifikiri, njia ile iko mbali na moto. Nikafikiri, nikimwita ataniuliza kwa nini, na Zena hawezi kuficha kitu, kabla ya adhuhuri kijiji chote kitajua. Sijui nilisita kwa muda gani. Labda pumzi tatu, labda kumi. Nimezihesabu maisha yangu yote na bado sijui.

Halafu nikapiga kelele, "Zena! Rudi! Usipite hapo!"

Akasimama. Akageuka kunitazama, akainua mkono wake juu ya macho kujikinga na jua. Na pale aliposimama ardhi ikamfungukia.

Hakuzama mwili mzima. Alizama mpaka mapajani, na ukelele alioutoa sitaki kukuelezea. Niliruka kutoka kwenye dungu nikakimbia, lakini nilipomkaribia mguu wangu mwenyewe ukaanza kudidimia, joto likanipanda. Nikalala kifudifudi. Nilijivuta kwa viwiko, kifua changu kwenye udongo unaofuka, nikamfikia mkono. Sikuweza kumtoa. Kila nilipovuta, ukingo wa shimo ulibomoka. Shabani alitusikia akaja mbio, na Mungu alimpa akili ambayo mie sikuwa nayo. Aling'oa ngazi ya dungu, akailaza juu ya ardhi, akatambaa juu yake, tukamvuta Zena wawili akatoka.

Miguu yake chini ya magoti ilikuwa imeungua. Nitakuambia hilo tu.

Tulimlaza kitandani, wanaume wanne wakakiinua wakaenda nacho hadi barabarani, na lori la mbao likampeleka hospitali. Habari zikamfikia Bi Mwanaidi huko Kibiti, akaenda moja kwa moja hospitali kwa Zena. Siku ya tatu ndipo alipokuja kijijini, na hakupitia kwake, alipitia kwangu.

Nilikuwa jikoni. Nikapiga magoti, "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akakaa kwenye kigoda, akanitazama. "Umejua tangu lini kwamba moto uko chini?"

Ningeweza kudanganya. Hapakuwa na shahidi. "Siku mbili kabla, mama."

Bi Mwanaidi akasema taratibu, kama anayemuuliza mtoto, "Moto uliuwasha kwa sababu ya njaa. Njaa naijua, nimeionja kabla yako. Na kunyamaza je, Somoe? Kunyamaza kulikuwa kwa sababu ya nini?"

Laiti angenipiga. Hakunipiga, wala hakuniambia nirudi kwetu. Alisimama akafunga kanga yake kiunoni. "Waite watu," akasema. "Wote. Waambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Kisha waambie waje na majembe."

Niliwaambia. Nilisimama mbele ya msikiti watu wanatoka kuswali adhuhuri, nikasema mie ndiye niliyewasha, na nilijua, na nikanyamaza. Miguu ilinitetemeka mpaka nikashika ukuta. Hakuna aliyenitukana. Walitazamana, halafu mmoja akauliza swali ambalo wote walikuwa nalo: "Umefika wapi?"

Hakuna aliyejua. Hiyo ndiyo hofu tuliyoishi nayo wiki nyingi zilizofuata. Kitu cha kwanza alichotuamuru Bi Mwanaidi kilikuwa kuufukia mtaro wangu, tukaujaza matope na magogo ili maji yasitoke tena. Kisha tukachimba handaki kati ya Kitetemo na nyumba, la kina kirefu, mpaka tuufikie mchanga mweupe ulio chini ya ule udongo mweusi, kwa sababu mchanga hauungui. Mahali pengine tulichimba mpaka mtu akazama asionekane na bado ni udongo mweusi. Mara mbili wachimbaji walitoka mbio kwa sababu ukuta wa handaki ulikuwa umeanza kufuka.

Moshi ulilala chini, hauendi juu. Ulikuwa unaingia majumbani asubuhi na kukaa sakafuni, watoto wakikohoa, wazee wakikohoa. Watoto tuliwafunga kamba viunoni wasitoke uani. Mbuzi wa jirani alipotea, tukaona pembe zake tu. Kisima cha karibu na msitu maji yake yakawa vuguvugu. Na mie kila nilipomaliza kuswali nilibaki nimeinama, kiganja changu kimelala kwenye sakafu ya nyumba yangu, nasikilizia kama imeanza kupata joto.

Mvua ilichelewa, wala si mvua iliyouzima moto ule. Mvua ya kwanza ilipiga juu tu, chini moto ukaendelea. Ulizimwa na maji ya mtoni, yalipofurika na kuingia Kitetemo na kukaa, maana mtaro ulikuwa umeshafukiwa, hayakuwa na pa kutokea. Siku hiyo kinamasi kizima kilichemka, mvuke mweupe ukasimama juu ya msitu mpaka magharibi, na watu wote walitoka nje wakatazama.

Maji yalipopungua tuliona kilichobaki. Ardhi ilikuwa imeshuka. Mahali tulipofyeka, mtu mzima akishuka, ukingo ulimfika kiunoni, na chini palikuwa na majivu mekundu na miti iliyolala ovyo. Shabani alipanda mpunga kwenye majivu hayo, na nisikufiche, mwaka ule wa kwanza ulistawi kuliko mpunga wowote niliowahi kuuona. Tulikula tukashiba. Kila tonge lilikuwa na ladha ya moshi kwangu. Mwaka wa pili ulitoka wa manjano. Mwaka wa tatu hatukuvuna, na tangu hapo ni dimbwi la maji yasiyofaa kitu wakati wa masika na mchanga mtupu wakati wa kiangazi. Shabani, Mungu amrehemu, alikwenda pale kila mwaka mpaka alipofariki, akichomeka miche ya mizambarau. Mitatu imeshika.

Zena alikaa hospitali miezi minne. Nilikwenda kumwona nikachelewa kuingia, nimesimama mlangoni na chakula mkononi. Yeye ndiye aliyeanza. "Wifi," akasema, "uliniona tangu naanza kuja, au uliniona nimeshafika?"

Nikamwambia kweli. "Nilikuona tangu unaanza."

Akageuza uso ukutani. Hakusema nami tena kwa zaidi ya mwaka. Mchumba wake alimsubiri, na kwa hilo nitamheshimu yule bwana mpaka kaburini. Siku chache kabla ya harusi Zena alinitumia ujumbe kwamba mikeka yake haijatimia na miguu yake haiwezi kwenda kutafuta ukindu. Hakutaja msamaha popote, ni hayo tu. Nilitembea mbali sana, kwetu Umwe na zaidi, kwa sababu hapa karibu nilikuwa nimeumaliza, na upande wa mbali wa Kitetemo hakuna aliyethubutu kukanyaga tena, nikakata, nikakausha, nikasuka mikeka mitatu nikampelekea. Akaipokea. Mpaka leo anatembelea fimbo.

Sasa nikuambie kwa nini haya yamenirudia. Mwaka jana walikuja wanafunzi wa chuo, wavulana kwa wasichana, wanapima udongo wa misitu. Mmoja, msichana mchangamfu wa rika lako, aliomba nimwonyeshe Kitetemo. Tulikwenda kwenye sehemu iliyonusurika, ile ya mbali, ambako kinamasi bado kinatetema. Alikuwa na bomba la chuma lililokatwa upande mmoja. Akalisukuma chini, akaliongezea jingine, na jingine, kisha akavuta. Ndani yake ule udongo ulikuwa umelala kwa mpangilio, juu wenye mizizi, chini mweusi zaidi, na chini kabisa alipoupasua kwa kidole nikaona jani. Jani, mwanangu, na mishipa yake yote. Akaniambia, "Bibi, jani hili lilidondoka kabla ya watu wote unaowajua majina yao."

Akanieleza kwa upole, nami nakueleza nilivyoelewa. Mti unavuta hewa, na katika hewa hiyo kuna kaboni, ndiyo kitu kile kile kinachotoka kwenye moshi. Mti unaijengea mwili wake. Jani likidondoka kwenye msitu mkavu wa joto letu hili, mchwa na vijidudu wanalimaliza upesi, na sehemu kubwa ya kaboni inarudi hewani. Likidondoka kwenye kinamasi, maji yanalifunika, walaji wanakosa pumzi, na jani linakaa na kaboni yake ndani, mwaka juu ya mwaka. Matope ya mikoko kule delta, mto unakoingia baharini, nayo ni hivyo hivyo, alisema, ndiyo maana wanaofyeka mikoko wapande mpunga wanafukua zaidi ya wanachokiona.

Tukaenda kwenye sehemu yangu. Akasukuma bomba. Lilipanda na udongo mweusi wa urefu wa kidole, kisha mchanga. Nikasimama nikitazama kile kidole kimoja. Nikamuuliza kama ule moto usingewaka, mtaro peke yake ungekuwa na madhara.

"Udongo ungeisha tu, bibi," akasema. "Polepole. Ukikauka, vijidudu wanapata hewa, wanaula. Unaondoka bila moto, na huoni moshi."

Miaka yote hii nilidhani nisingetia moto tungesalimika. Kumbe tangu siku ile tuliyopiga jembe la kwanza la mtaro, kitu kilishaanza kutoka.

Na sasa wewe na wenzako mmechimba mtaro na kuleta mashine ya kuvuta maji, mkalime matikiti kwenye ile sehemu ya mbali. Juzi nilikwenda huko, miguu yangu hii mibovu, nikainama nikaweka kiganja. Palikuwa bado baridi. Lakini ukingoni udongo umeanza kupasuka, na nimeona vipande vya sigara.

Kwa hiyo nisikie. Najua una watoto na najua matikiti yana soko barabarani, siwezi kukuambia ukalale njaa. Nenda kalime pale juu kwenye mchanga na mbolea ya samadi, nitakupa eneo langu lote la karibu na mwembe wa shule, sina nguvu nalo tena. Lakini ule mtaro ufukie, tena wiki hii, kabla kiangazi hakijakomaa. Yarudishe maji juu ya majani yale yaliyolala. Mikindu na mizambarau iache isimame, ndiyo inayoendelea kuyaleta majani mengine. Moto usikaribie udongo mweusi hata wa kuchoma muhogo mmoja. Na kama umeshakosea, na mimi sijui, na hakuna ajuaye, basi sema leo. Usiangalie watakuonaje. Nenda mbele ya watu, tetemeka, shika ukuta, lakini sema wakati bado ni moshi mwembamba na hakuna mtu njiani.

Mwenyezi Mungu akupe riziki isiyomuunguza mtu. Akupe watoto wanaolia kwa kelele kwa kushiba, akuepushe na hatari usiyoiona na ile unayoiona ukanyamaza. Na ikifika saa ya kusema, akufungulie mdomo kabla hujavuta pumzi ya kwanza. Amina, mwanangu. Haya, nenda kachukue jembe.